Redio imekufa, megafoni haisemi: tutengeneze, tuuze ao tutupe?

Karibu kila depo ya koperative iko na kona moja ambayo hakuna mtu anaipangusa. Mifuko ya kahawa haifiki pale, mbegu za maharagi hazifiki. Pale kuna redio yenye antena iliyovunjika, megafoni yenye kutu, ampli iliyoungua, bafle iliyotobolewa na panya, magnetofoni ya zamani na mfuko wa kaseti. Ukiuliza, jibu ni lile lile: « Ile vitu ilikufa. Tunangojea komite iamue. » Komite nayo inangojea mkutano mkubwa. Mkutano mkubwa unaongea juu ya bei na mbolea mpaka jua linashuka, na vyombo vinabaki pale mwaka mwingine.

Wandugu wamemba, katika namba hii tunaongea juu ya ile kona. Wengine watasema ni jambo dogo. Sisi tunaona mambo manne ndani yake. La kwanza ni feza: vyombo hivi vilinunuliwa na michango yenu, ao vilitolewa kwa jina lenu. La pili ni kuaminiana: chombo kikitoka depo usiku bila mtu kujua, maneno yanaanza, na maneno yanabomoa koperative kuliko deni. La tatu ni afya ya watoto, kwa sababu ndani ya vyombo hivi kuna sumu. La ine ni sauti: katika kaseti fulani kuna maneno ya watu ambao hawako tena.

Uamuzi uko mikononi mwenu. Lakini uamuliwe mchana, mbele ya watu, na hesabu kwenye karatasi.

Anza na kazi, usianze na chombo

Kosa tunaloona mara nyingi ni kuuliza: « Hii redio bado inafaa? » Ulizo la kwanza ni lingine: ile kazi redio ilikuwa inafanya, nani anaifanya leo?

Chukueni kikundi cha kusikiliza. Wamama kumi na tano wanakutana siku moja kwa juma, wanasikiliza kipindi, kisha wanaongea juu yake. Tangu mwaka wa 2002, Radio Okapi inasema katika Kiswahili pamoja na Kifaransa, Kilingala, Tshiluba na Kikongo, na redio za jamii zinaleta habari za karibu: barabara iliyokatika, ugonjwa wa mnyauko wa migomba, bei ya soko. Redio ikikufa, kikundi kinakufa polepole. Wenye simu nzuri wanaendelea kupata habari. Wasiokuwa nayo wanabaki nyuma, na mara nyingi ni wamama na wazee. Hapo hasara siyo redio. Hasara ni mtu kuuza kahawa yake kwa bei ya juma lililopita.

Megafoni nayo iko na kazi yake: siku ya kupima mazao, siku ya mkutano, siku ya kutangaza kwamba gari la mbegu limefika. Pengine leo kazi hiyo inafanywa na simu ya kapita na watoto wanaotumwa mlango kwa mlango. Kama inafanyika vizuri, megafoni haina haraka. Kama watu wa kilima cha mbali wanakosa habari kila mara, basi ina haraka.

Andikeni hivyo kwanza: chombo, kazi yake, na nani anaumia sababu hakipo. Ukurasa mmoja unatosha.

Mbele ya kumuita fundi, fungueni macho

Vyombo vingi vinavyoitwa « vimekufa » viko na ugonjwa mdogo. Kuna mambo ambayo memba mwenye mikono safi anaweza kuangalia yeye mwenyewe, kwa chombo kisichochomekwa kwenye umeme.

Mawe ya redio. Mawe yakisahauliwa ndani miezi mingi, yanatoa maji yanayokula vyuma. Utaona unga mweupe ao kijani pale jiwe linapogusa. Toa mawe, usiyaguse na mikono mitupu, usipeleke mikono kwenye macho. Sugua na brosi kavu, pangusa na kitambaa chenye limau ao siki kidogo, kisha kitambaa kikavu, acha kikauke kabisa. Usimwagie maji. Megafoni nyingi tulizoona zinanyamaza sababu ya unga huo tu.

Waya na fizibu. Waya wa umeme unakatika karibu na kichwa chake, pale unapokunjwa kila siku. Fizibu ni kile kichupa chenye uzi mwembamba ndani: uzi ukiisha kukatika, nunua nyingine yenye namba ile ile. Kuweka kipande cha waya mahali pa fizibu ni kutoa mlinzi na kuacha mlango wazi. Siku umeme wa jenereta unapanda, ampli yote inaungua, na pengine depo pamoja nayo.

Kifungo cha sauti. Kama redio inakwaruza ukizungusha kifungo, ni vumbi. Zungusha mara makumi mbili chombo kikiwa kimezimwa, utaona tofauti.

Bafle. Chukua jiwe moja tu la volti 1.5 na nyaya mbili, gusa mikia ya bafle na kuachia mara moja. Ikisema « krak », bado iko hai, hata kama ngozi yake imepasuka. Ikinyamaza kabisa, uzi wa ndani umekatika.

Hapo ni mwisho wa kazi ya memba. Ampli ya umeme wa volti 220 msiifungue. Ndani yake kuna vyombo vinavyoweka nguvu ya umeme hata kisha kuchomoa waya, na vinaweza kupiga mtu vibaya. Hiyo ni kazi ya fundi.

Namna koperative moja ilivyoamua

Koperative moja ya wakulima wa kahawa kando ya ziwa Kivu ilikubali tuketi katika mkutano wake siku walipotoa vyombo vyote vya kona na kuvipanga kwenye mkeka, mbele ya wamemba. Kulikuwa na redio tatu, megafoni moja, ampli na bafle mbili, magnetofoni, batri moja kubwa ya gari iliyovimba, na mfuko wa kaseti zaidi ya makumi tatu.

Vijana walisimama kwanza. « Hivi ni vyuma tu. Tuuzishe kwa wanunuzi wa vyuma, tuongeze makuta, tununue bafle moja ya kisasa yenye kuingiza kadi. » Wengine walipiga makofi. Kisha mama mmoja wa kikundi cha kusikiliza aliuliza: « Hiyo bafle ya kisasa itapiga muziki. Nani atatusomea bei ya kahawa? » Mzee mmoja hakutaka kitu chochote kiuzwe, kwa sababu, alisema, mali iliyopewa haiuzwi.

Wote watatu walikuwa na haki kidogo. Vyuma vinavyolala ni hasara. Chombo kipya kisichofanya kazi ya kile cha zamani ni hasara pia. Na mali ya watu haiondoki ovyo. Rais wa koperative alifanya jambo moja la akili: hakupigisha kura juu ya fungu lote. Aliomba waamue kitu kimoja kimoja, na kila kitu kiende kwenye fungu lake.

Fungu la kwanza: kutengeneza. Megafoni, ambayo ilihitaji springi mbili za chuma na kusafishwa. Na redio mbili, ambazo fundi aliziunganisha kuwa moja, mwili wa moja na bafle ya nyingine.

Fungu la pili: vipuri. Redio ya tatu. Vifungo, antena na waya vilitolewa na kuwekwa katika mkebe wenye jina.

Fungu la tatu: kuuza. Ampli na bafle zake. Zilikuwa za kazi kubwa kuliko mahitaji yao na zilikunywa mafuta mengi ya jenereta. Ziliuzwa kwa mnada mbele ya watu wote, na makuta yakaandikwa siku ile ile katika kitabu cha kasha.

Fungu la ine: kuondoa kwa uangalifu. Batri na mawe yaliyooza.

Magnetofoni na kaseti vilibaki kwenye mkeka, na hapo mjadala ukawa mrefu. Tutarudia jambo hilo chini, kwa sababu ndipo walipokaribia kupoteza kitu kikubwa.

Hesabu inayofaa fundi na koperative

Sisi tunapendekeza kanuni moja nyepesi: kama kutengeneza pamoja na usafiri kunapita nusu ya bei ya chombo kipya, msitengeneze, isipokuwa chombo kile hakipatikani tena na kazi yake haina njia nyingine.

Tuchukue mfano, nanyi mtatia bei za soko lenu. Tuseme megafoni mpya ni faranga 60.000. Fundi anaomba 20.000, usafiri wa kwenda na kurudi ni 6.000. Jumla ni 26.000. Nusu ya bei ya mpya ni 30.000. Tengenezeni. Tuseme sasa redio mpya ni 25.000, fundi anaomba 15.000, usafiri 6.000. Jumla ni 21.000, na nusu ya bei ni 12.500. Achieni hapo, ifanyeni vipuri.

Lakini hesabu haikuishia kwa fundi. Kuna pia chakula cha chombo. Tuseme jiwe moja ni faranga 500 na redio inakula mawe ine kila juma mbili. Ni faranga 2.000 mara 26 kwa mwaka, yaani 52.000. Bei ya redio mbili mpya! Kwa hiyo redio inayokubali kujazwa na jua inaweza kulipa bei yake mwenyewe, hata kama ni ghali siku ya kununua. Na redio nzuri inayokula mawe mengi inaweza kuwa ile inayofaa kuachwa.

Kwa fundi mwenyewe, wekeni masharti matatu. Aseme ugonjwa na bei mbele ya kuanza kazi, na viandikwe. Arudishe vipande vya zamani alivyotoa. Na chombo kijaribiwe saa nzima mbele ya memba wawili, siyo dakika mbili. Fundi wa kweli hatakasirika. Atafurahi, kwa sababu karatasi inamlinda yeye pia.

Kaseti: sikiliza kwanza

Kaseti ilitoka kwa Philips mwaka wa 1963, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa kitabu cha vijiji vyetu. Watu walirekodi masomo ya agronome, mikutano, nyimbo za kazi, maneno ya wazee. Uzi wake unaoza polepole kwa unyevu na joto. Kila mwaka unaopita, sauti inapungua.

Katika koperative tuliyosema, vijana walikuwa tayari kuchoma mfuko wote. Sekretere aliomba juma mbili. Fundi alibadilisha mpira mwembamba unaozungusha magnetofoni, ambao huwa unalegea ao unayeyuka katika mashini hizi. Wakaanza kusikiliza. Kaseti nyingi zilikuwa za muziki ao tupu. Lakini katika moja ilisikika sauti ya mzee aliyekufa, akieleza mbele ya mkutano namna familia yake ilivyotoa kipande cha udongo kwa kujenga kiwanda cha kuoshea kahawa, na mpaka wake unapita wapi: kwenye mti gani, kwenye jiwe gani. Sauti siyo hati, na haichukui nafasi ya karatasi za udongo. Lakini watoto wa yule mzee waliposikia, walikaa kimya, kisha wakakubali kwenda pamoja na komite kuonyesha mpaka na kuandika. Kazi hiyo ingalikuwa ngumu sana kama mfuko ungalichomwa.

Kama muko na kaseti, fanyeni hivi. Jaribuni mashini na kaseti isiyo na maana kwanza, kusudi isitafune ile ya maana. Safisheni kichwa cha mashini na pamba yenye alkoli kidogo. Kaza uzi wa kaseti na kalamu mbele ya kuitia ndani. Kama uzi uko na ukungu mweupe ao unalia, simama, usilazimishe. Kisha wekeni simu karibu na bafle, katika nyumba isiyo na kelele, mlango umefungwa, na kurekodi. Sauti haitakuwa safi kabisa, lakini itaeleweka. Kuwa na waya wa kuunganisha simu na mashini ni vizuri zaidi. Wekeni nakala mbili kwenye kadi mbili, katika nyumba mbili tofauti, na karatasi inayosema nani anaongea, mwaka gani, juu ya nini. Na mbele ya kuigawa sauti ya mtu, ombeni ruhusa kwa familia yake.

Kinachobaki kisiue watoto

Sasa fungu la ine. Hapa hatutapunguza maneno.

Batri ya gari, ile inayotumiwa na ampli ao na mtambo wa jua, iko na risasi na asidi. Katika Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar kule Senegal, watu walikuwa wanavunja batri za zamani kwa kutoa risasi na kuiuza. Udongo ulijaa vumbi la risasi. Kati ya mwisho wa mwaka wa 2007 na mwanzo wa mwaka wa 2008, watoto 18 walikufa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakidhuru. Kwa mtoto, risasi inaharibu ubongo, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Kwa hiyo: batri isivunjwe kijijini, asidi isimwagwe kwenye shamba wala karibu na chemchemi. Ibaki imesimama, juu ya sahani ya plastiki, mahali penye hewa na mbali na watoto. Siku gari la kahawa linakwenda mjini, irudishwe kwa muuzaji wa batri anayekusanya za zamani. Batri iliyokufa bado iko na bei: ombeni ipunguzwe kwenye bei ya batri mpya.

Mawe yaliyooza yawekwe katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pakavu. Yasitupwe kwenye choo, yasitupwe kwenye mboleo, yasipewe watoto kuchezea. Mboleo yenye mawe ya redio inarudisha sumu kwenye bustani ya mboga.

Nyaya zisichomwe kwa kutafuta shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu kwa anayechoma na kwa jirani yake. Uzeni nyaya na ngozi yake. Muuze kwa bei ya chini kidogo na mapafu mazima.

Na msidharau vibao vya kijani vya ndani. Yale matone meupe yanayoshika vipande yalikuwa, katika vyombo vingi vya zamani, mchanganyiko wa bati na risasi. Bati linatoka kwenye kasiterite, na koltani inaingia katika vipande vidogo vya vyombo vya kisasa. Ninyi wa Kivu munajua mawe hayo yanatoka milima gani na kwa jasho gani. Mwaka wa 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na kidogo kuliko robo ndiyo ilihesabiwa kuwa imekusanywa na kutengenezwa upya vizuri. Fundi anayetoa vipande vizima kwenye kibao cha zamani anafanya kazi ya heshima. Mpeni vibao, asivichome tu.

Karatasi, na vyombo vya zawadi

Tangu inchi yetu iingie katika OHADA mwaka wa 2012, koperative zetu ziko chini ya sheria iliyopitishwa Lomé tarehe 15 desemba 2010. Koperative iliyoandikishwa ni mtu wa sheria: mali ni yake, siyo ya rais wala ya anayelinda ufunguo. Someni statuti yenu mjue nani ana haki ya kuamua kuuza. Kisha kila chombo kinachotoka kiandikwe katika PV: jina la chombo, sababu, bei, aliyenunua, tarehe. Mtu wa komite akitaka kununua, anunue kwenye mnada kama wengine, kwa sauti.

Kama chombo kilitolewa na mfazili, angalieni barua ya kutoa mbele ya kuuza. Na siku nyingine mtu akileta vyombo vya zamani kama zawadi, muko na haki ya kuuliza: kinafanya kazi? Vipuri vyake vinapatikana soko gani? Kinakula nini, mawe, mafuta ao jua? Inchi za Afrika zilipatana Bamako mwaka wa 1991 kukataza takataka za sumu kuingizwa katika bara letu. Kukataa kwa adabu zawadi iliyokufa ni kufuata roho ile ile.

Kwa mkutano ujao

Tunaomba kila koperative itie jambo hili katika mpango wa mkutano wake, saa moja tu, mbele ya mambo mazito kuchosha watu. Toeni vyombo nje, vipangwe kwenye mkeka, na kwa kila kimoja jibuni:

1. Kilifanya kazi gani, na nani anaumia leo?
2. Kutengeneza na kukilisha kwa mwaka ni bei gani?
3. Kinakwenda fungu gani: kutengeneza, vipuri, kuuza, kuondoa?
4. Nani anabeba kazi hiyo, na mbele ya tarehe gani?
5. Kuna sauti ndani ya kusikiliza kwanza?

Ulizo la ine ndilo linalosahauliwa. Bila jina na tarehe, chombo kitarudi kwenye kona. Andikeni jina, andikeni tarehe, na mama sekretere asome PV hiyo mkutano unaofuata.